Saa Mbili Zilizopungua

Foleni ya keki za krimu kwenye maonyesho ya jimbo ilikuwa imelizunguka banda mara mbili, na jua la Agosti la Milwaukee lilikuwa linawakaanga watu bila mafuta. Kazimir Nowicki, kijana wa miaka kumi na minane ambaye hata mama yake alimwita Kaz, alikuwa amesimama nyuma ya kaunta tangu asubuhi, kofia ya karatasi kichwani, krimu imemganda hadi viwikoni. Alikuwa ameacha kutazama sura za watu. Aliona mikono tu. Mkono huu unanyoosha risiti, ule unapokea boksi, haya, mwingine.

Ndipo mkono mmoja ukarudisha boksi.

"Umekosea kuhesabu," sauti ikasema. "Niliagiza sita. Humu mna saba."

Kaz akainua macho. Msichana wa rika lake alikuwa amesimama mbele yake, mweusi, mrefu, amevaa gauni la rangi ya chungwa lisilo na doa hata moja katikati ya vumbi lile lote. Misuko yake myembamba ilikuwa imefungwa juu kwa kitambaa cheupe, na miwani imeteremka kidogo puani kwa jasho.

"Ya saba ni zawadi," Kaz akasema.

"Zawadi ya nani?"

"Yangu mimi."

"Kwani keki ni zako?"

"Hapana."

"Basi huwezi kugawa mali ya watu ukaita zawadi."

Mzee mmoja kwenye foleni akakohoa. "Binti, kama huitaki, nipe mimi twende."

Watu wakacheka. Msichana hakucheka, ila pembe ya mdomo ilimcheza. Kaz akaitoa ile keki ya saba, akaiweka pembeni kwa heshima kama mtu anayelaza mtoto.

"Angalau nitajie jina," akasema, "niandike ukutani kwamba mtu mwaminifu alipita hapa."

"Andika 'mteja'," msichana akajibu, akachukua boksi lake na kumfuata bibi yake aliyekuwa amekaa kivulini. Kaz akamsindikiza kwa macho mpaka mwenzake wa pale kaunta akamwambia afunge mdomo, nzi wataingia.

Mwaka huo ndio shule ya sekondari ya Brandt, kule kusini mwa mji, ilifungwa kwa kupungukiwa wanafunzi. Vijana sitini na mmoja waliobakiza mwaka mmoja tu wakapelekwa kumalizia Kestner, ng'ambo ya bonde. Wenyeji hawakuwafukuza, lakini hawakuwapisha kwenye benchi za bwalo pia. Kufikia wiki ya pili walikuwa wamepewa jina: wapangaji. Kaz alikuwa mmoja wao. Uchaguzi wa rais wa darasa la mwisho ulipotangazwa, alisimama juu ya kiti bwaloni akasema, "Mnatuita wapangaji. Sawa. Mwaka huu mpangaji ndiye atakayeshika funguo." Bwalo zima likaangua kicheko, na mtu ukishamchekesha ni rahisi kumwomba kura. Akashinda kwa kura kumi na nne.

Kikao chake cha kwanza kilikuwa maktabani, pamoja na viongozi wa Jumuiya ya Heshima. Hiyo ndiyo jumuiya ya wanafunzi bora, wale wanaochaguliwa na kamati ya siri ya walimu kwa nguzo nne: elimu, utumishi, uongozi na tabia. Siku ya kuhitimu huvaa skafu ya dhahabu juu ya joho na kukaa safu ya mbele. Kaz akaingia amechelewa, tai imepinda, na pale kwenye kiti cha mwenyekiti, miwani ile ile, akamkuta mteja.

"Odessa Tillman," msichana akasema akimpa mkono. "Umechelewa dakika sita."

"Umehesabu vizuri? Isije ikawa saba."

Safari hii alicheka, kicheko kifupi cha ghafla, akajifunika mdomo kama aliyechomokwa na siri.

Wakafanya kazi pamoja msimu mzima wa majani kuanguka. Walipanga siku ya kuchangia damu, Kaz akazirai kabla hata sindano haijamgusa, Odessa akamshikia miguu juu huku akimalizia kuandika orodha ya waliofika. Walikusanya vyakula vya makopo kwa ajili ya sikukuu ya Shukrani, wakapakia gari la bibi yake Odessa, Bi Loretta, mpaka likaburuza tumbo. Njiani wakala aiskrimu ingawa nje palikuwa na baridi ya kukata masikio.

"Nyinyi wawili mna akili kweli?" Bi Loretta akauliza kutoka usukani.

"Mimi ninayo, Bibi," Odessa akasema. "Huyu bado tunachunguza."

Kila jioni simu ikawa inaita.

"Hujambo, Bi Nguzo." Ndivyo alivyomwita, kwa zile nguzo nne.

"Sijambo, Mheshimiwa. Umeshafanya hesabu za kesho?"

"Nimepiga simu ya mapenzi, napewa mtihani."

"Nani amesema ni simu ya mapenzi?"

"Mimi hapa. Sasa hivi. Nilikuwa nakuandaa kidogo kidogo tangu Septemba."

 Odessa akasema polepole, "Ungeniandaa kwa haraka kidogo, Kaz. Nimechoka kujifanya sijui."

Desemba walitembea ufukweni mwa ziwa wameshikana mikono ndani ya mfuko mmoja wa koti, wakitazama barafu ikijirundika kwenye mawe. Mama yake Kaz, Halina, aliyekuwa mpishi wa Brandt kwa miaka kumi na tisa na sasa anapika kwenye hospitali, alimkaribisha Odessa mezani kwake akamjazia sahani mara tatu. "Msichana anayekula bila kuomba samahani," akamwambia mwanawe wakiosha vyombo. "Huyu usimpoteze kwa ujinga wako."

Januari ujinga ukabisha hodi.

Jumuiya ya Heshima ilikuwa inapokea wanafunzi wapya kwa mara ya mwisho mwaka ule. Hakuna hata mpangaji mmoja aliyekuwamo. Wapangaji ishirini wakajaza fomu, Kaz akiwa wa kwanza. Alama walikuwa nazo. Kilichowashinda ni nguzo ya utumishi: fomu ilidai saa arobaini za kujitolea, zimetiwa saini na mtu aliyeshuhudia. Saa zao walizifanyia Brandt, na daftari la Brandt lilikuwa limepotea katika kuhamahama. Mwalimu aliyelitunza, Bi Lindqvist, alistaafu siku shule ilipofungwa, na hakuna aliyejua alikohamia.

Kaz alimfuata Odessa kwenye kabati lake, fomu mkononi.

"Mwaka jana nilikuwa nawasomea wazee magazeti kila Jumanne," akasema. "Jumanne ishirini, saa mbili mbili. Arobaini kamili. Tia saini hapa."

"Mimi?"

"Mwenyekiti anaruhusiwa. Nimesoma kanuni."

"Anaruhusiwa kama alishuhudia. Mimi wakati huo sikujua hata kama umezaliwa."

"Lakini unajua sisemi uongo."

"Najua, Kaz. Najua kwa moyo. Fomu inauliza macho."

"Odessa, tusiposhika hata nafasi moja, siku ya kuhitimu safu yote ya mbele itakuwa Kestner tupu. Watasema tuliletwa tu, hatuna kichwa. Mama yangu atakaa pale aone hivyo."

Odessa akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta ingawa ilikuwa safi. "Niombe kitu kingine. Niombe nikae na wewe usiku na mchana tutafute njia. Hiki siwezi."

"Sijakuomba kitu kingine."

Akaondoka na fomu yake. Aliituma hivyo hivyo, pengo la saini likiwa wazi kama jino lililong'oka.

Orodha ilibandikwa Ijumaa. Majina kumi na moja, wote Kestner. Kaz alikuwa bado amesimama mbele ya ubao pale Trent Haverly, katibu wa jumuiya, alipomjia ubavuni. Trent hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyeweza kukaa na neno tumboni.

"Pole, bwana. Mimi nilidhani Odessa atakubeba," akasema. "Kumbe siku moja kabla ya kura nilimwona anaingia kwa Mwalimu Ostrander, fomu yako mkononi. Aliitoa kwenye bahasha. Akakaa humo nusu saa."

Mwalimu Ostrander ndiye aliyekuwa mlezi wa jumuiya. Kaz akahisi masikio yanawaka. Alimkuta Odessa kwenye ngazi za nje, theluji inaanguka mabegani mwake.

"Uliingia kwa Ostrander na fomu yangu?"

"Kaz, nisikilize kwanza."

"Uliingia au hukuingia?"

"Niliingia, lakini..."

"Basi imetosha. Kukataa kutia saini niliweza kukuelewa. Lakini kwenda kunichongea? Ulitaka alama ya ziada kwenye nguzo ya tabia?"

Odessa akamtazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.  "Ukishamaliza hasira zako," akasema, "namba yangu unaijua."

Kaz aliizuia namba ile kabla hajafika nyumbani. Vikao vya pamoja akamtuma makamu wake. Alikuwa anapita njia ndefu kwenda darasani ili asipite mbele ya kabati fulani, na bado jioni saa moja mkono wake ulikuwa unatafuta simu wenyewe, bila kutumwa.

"Yuko wapi mtoto wangu wa kula?" Halina akauliza wiki ya tatu.

"Ana shughuli, Mama."

"Na wewe una uso kama kabichi iliyosahaulika kwenye friji."

 Hasira ya Kaz ilikuwa imeanza kuchuja, na kilichobaki chini yake hakikuwa kizuri kukitazama. Mara mbili alifungua simu ili aiachilie ile namba. Mara mbili akaona haya.

Kwaresima ikaingia. Kila Ijumaa parokia yao ilikaanga samaki kwa mji mzima, na Halina ndiye aliyeshika sufuria. Ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa mpaka ngazini: familia nzima nzima, watoto chini ya meza, harufu ya samaki na vitunguu na makoti mabichi. Kaz alikuwa anapita na sinia la mkate mweusi, aproni imemfika magotini, aliposikia ukimya mdogo ukimfuata mgongoni. Akageuka.

Odessa alikuwa amesimama katikati ya meza, koti la bluu la bibi yake limemzidi mabega, theluji inayeyuka kwenye misuko. Kifuani amekumbatia daftari kubwa la jalada la kijani.

"Sikuja kula," akasema.

"Kaa ule," Halina akaamuru kutoka jikoni, mwiko mkononi. Odessa akakaa. Kwa Halina hakuna aliyebisha.

Kaz akaweka sinia, akakaa mkabala naye. Alilijua daftari lile. Alikuwa ameliandika jina lake humo kwa mkono wake mwenyewe.

"Umelitoa wapi?"

"Mji wa Racine, kwa Mwalimu Lindqvist. Anaishi na dada yake; walimu wenzake wa zamani ndio walionielekeza. Lilikuwa chini ya nyumba, ndani ya boksi la mapambo ya Krismasi. Safari ya kwanza sikumkuta, nikarudi na basi la mwisho. Ya pili alinipa supu, kisha tukafukua maboksi saa nne nzima."

"Lini hiyo?"

"Februari. Siku ile niliyoingia kwa Ostrander na fomu yako, nilikwenda kumwambia kamati isipige kura mpaka daftari la Brandt lipatikane. Nikamwonyesha yako kwa mfano, kwamba huyu ana alama za juu kuliko mimi na anakwamishwa na saini ya mtu aliyestaafu. Akasema kura haingoji. Lakini daftari likipatikana, kamati itakaa tena."

Kaz akatazama meza. "Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi? Na baadaye nikaona heri. Ningekwambia nalitafuta halafu nisilipate, ningekuvunja mara mbili."

"Odessa, mimi..."

"Ngoja. Sijafika kwenye kibaya." Akashusha pumzi. "Kamati imekaa jana. Wapangaji tisa wamepita. Orodha itabandikwa Jumatatu. Nimeomba nikuambie mwenyewe, kwa sababu wewe hukupita."

Akalifungua daftari palipokuwa na utepe, akaligeuza limwelekee. Kaz akashuka na kidole. Jumanne baada ya Jumanne, saa mbili, saa mbili, saini ya Bi Lindqvist kila mstari. Mstari wa kumi na nne haukuwa na saini. Ulikuwa na maneno kwa wino mwekundu: *Nowicki hakufika. Shangazi yake mahututi.*

"Thelathini na nane," Odessa akasema kwa sauti ndogo. "Nilihesabu mara nne. Nilitamani nikosee."

Kivuli kikaangukia ukurasa. Halina alikuwa amekuja na sahani ya samaki, na alikuwa anasoma bila miwani, kwa mbali, kama wasomavyo akina mama.

"Shangazi yupi?" akauliza.

Kaz akafumba macho.

"Kazimir. Mimi sina dada. Baba yako, Mungu amrehemu, hakuwa na dada. Shangazi yupi alikuwa mahututi mwezi wa Aprili?"

"Ilikuwa mechi ya besiboli, Mama. Ya kwanza ya msimu. Mjomba alikuwa na tiketi."

Meza ya jirani ikaacha kutafuna. Halina akaweka sahani chini mbele ya Odessa, taratibu, akamgeukia mwanawe. "Uliua shangazi kwa ajili ya besiboli."

"Sikumuua. Alipona wiki iliyofuata."

Odessa alijaribu. Aliuma mdomo, akatazama dari, lakini mabega yalikuwa yanatetemeka, na mwishowe kikamtoka kile kicheko chake cha ghafla. Hakujifunika. Halina naye akaanza, aproni machoni, na kicheko kikatambaa meza hadi meza mpaka watu wa ngazini wanauliza nini kimetokea.

Kaz ndiye pekee ambaye hakucheka. Aliwaacha watulie.

"Nilikuwa nimesahau kabisa," akasema. "Nilikuja kwako naapa ni arobaini kamili, na niliamini. Ungetia saini, ungekuwa umeweka jina lako kwenye uongo wangu. Halafu nikakuita mchongezi, na wewe uko kwenye basi la Racine kwa ajili ya watu wangu." Akalifunga daftari. "Naomba radhi, Odessa. Si kwa haraka. Naomba uniangalie kwanza kama nimestahili."

Odessa akachukua kipande cha samaki, akakitafuna, akakimeza. "Uliniumiza sana," akasema. "Bibi alitaka kukugonga na gari."

"Angefanya vizuri."

"Nilimwambia gari lenyewe bovu." Akasukuma sahani katikati yao. "Kula. Halafu unifungulie namba yangu, nimechoka kujibiwa na mashine. Na una suti?"

"Suti ya nini?"

"Dansi ya kumaliza shule ni Mei. Mheshimiwa Rais hawezi kuja na aproni."

"Unanialika?"

"Naangalia kwanza kama una suti."

Alikuwa na suti ya marehemu baba yake, ya rangi ya kijivu, Halina akaipunguza kiunoni. Odessa alivaa gauni la kijani kibichi lililoacha mgongo wazi, na walicheza vibaya kwa furaha hadi viatu vikawashinda.

Siku ya kuhitimu ilikuwa ya joto. Kaz alitoa hotuba fupi akiwa na joho jeusi tupu, bila dhahabu, na alipotazama safu ya mbele akawaona wale tisa wa Brandt wamekaa wima kama mishumaa, Odessa mwishoni mwa safu. Aliogopa kumtafuta mama yake kwa macho. Sherehe ilipokwisha Halina alimpita moja kwa moja, akaenda kwa Odessa, akamshika mashavu kwa viganja vyake vya mpishi.

"Nimehesabu tisa," akasema. "Wote tisa wamekula chakula cha mkono wangu miaka mitatu. Leo nimewaona wamevaa dhahabu. Asante, mwanangu." Kisha akamgeukia Kaz. "Na wewe ulizungumza vizuri. Kwa mtu aliyemaliza ukoo wa mashangazi."

Agosti Odessa aliondoka kwenda chuo Atlanta. Kaz alibaki Milwaukee kusomea ualimu. Alikuwa ameshaanza tena kuwasomea wazee kila Jumanne, na hakukosa hata moja. Walisimama kwenye jukwaa la treni ya Chicago, Bi Loretta akiangalia pembeni kwa makusudi, mabegi matatu miguuni.

"Nitakuja sikukuu ya Shukrani," Odessa akasema.

"Nitakuwa hapa hapa. Pengine nimenyoa."

"Kaz, Atlanta ni mbali. Sitaki tuapiane mambo makubwa tusiyoyajua."

"Sitaapa. Nitapiga simu tu, kila siku, na siku nikishindwa nitakwambia ukweli kwa nini."

Kaz akambusu paji la uso, kisha Odessa akaona haitoshi akamvuta kwa ukosi wa shati na kumbusu mdomoni, Bi Loretta awepo asiwepo. Milango ikafungwa. Kaz akatembea sambamba na dirisha mpaka jukwaa likaisha, akabaki amesimama, mikono mifukoni, treni ikipinda kwenye kona ya bonde.

Simu ikaita kabla hajafika kwenye ngazi.

"Nimekaa karibu na mwanamke mwenye paka ndani ya kikapu," Odessa akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi. "Ananiangalia."

"Mwanamke au paka?"

"Wote wawili."

"Nieleze," Kaz akasema, akakaa kwenye benchi. "Anza na paka."

Akaeleza. Walizungumza mpaka Chicago.